Msiiweke Chini Chaki: Barua ya Wazi kwa Mashemasi na Makasisi Wapya wa Kianglikana wa Unguja na Pemba

Wanangu,

Nawaamkia kwa heshima mbili, kwa kuwa kwa daraja nyinyi ni baba zangu na kwa umri ni wajukuu zangu. Heshima ya kwanza inanitaka ninyamaze mkiwa madhabahuni. Ya pili inaniruhusu kuwaambia, kabla hamjafungua mabegi yenu katika nyumba za parokia, jambo ambalo askofu kwa wingi wa shughuli huenda asipate nafasi ya kuwaambia. Nimefundisha katika skuli za Serikali, Unguja na Pemba, na jioni nikafundisha darasa la ubatizo na la kipaimara hadi nilipostaafu. Sikuwa kasisi wala sikuomba kuwa. Nimekaa upande wa mabenchi, na kutoka huko mtu huwaona watumishi wakija, wakifanya kazi na wakiondoka, na hujifunza kutambua mapema nani atakumbukwa mtaani na nani atakumbukwa kwenye daftari la ndoa peke yake.

Jambo langu ni moja: msiache kufundisha. Nasema hivi kwa sababu kuna mtindo unaoingia, nao unanitia wasiwasi. Kijana aliyekuwa mwalimu mzuri wa darasa, siku anapovishwa stola ya kasisi, anamkabidhi katekista chaki, anafungua ofisi, anaweka meza na kiti cha wageni, kisha anasubiri watu wamletee shida zao. Katika dayosisi za bara, ambako parokia moja inaweza kuwa na Wakristo maelfu, ofisi hiyo itajaa. Hapa kwetu atasubiri sana. Waumini wetu ni wachache, wametawanyika, na jirani wa kila upande ni Mwislamu ambaye hana haja yoyote na kiti chako cha wageni. Akikujua, atakujua kwa kuwa umemfundisha mtoto wake, umekwenda kumzikia mamaye, au umekaa naye barazani.

Mnapopewa historia ya Kanisa letu mara nyingi huanzishwa Mkunazini, na ni haki, kwa sababu soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873 na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Watalii huoneshwa mahali pa madhabahu, huoneshwa msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kule Chitambo, Zambia ya leo, ulikozikwa moyo wa Livingstone, yule msafiri mmisionari, na huchekeshwa kwa habari ya nguzo ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu. Mimi nazipenda habari hizo, lakini nawaomba mrudi nyuma miaka tisa. Askofu Tozer na Edward Steere, wamisionari wa Kiingereza, walipofika Unguja mwaka 1864 hawakuwa na kanisa la kuhubiria wala watu wa kuhubiriwa. Walichokuwa nacho ni watoto watano wa kiume waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwao. Kazi ya kwanza ya misheni ile ikawa kuwafundisha watoto watano kusoma. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Baadaye likaja darasa kubwa zaidi, Chuo cha Mtakatifu Andrea pale Kiungani, kusini ya mji, ambako mwalimu wa skuli na kasisi walilelewa chini ya paa moja mpaka chuo kilipohamishiwa Minaki mwaka 1925. Kiungani ndiko alikolelewa Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyekombolewa utumwani, ambaye mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa ukasisi. Alioa Mbweni, akaenda na mkewe kukaa Chitangali, upande wa Ruvuma, akafundisha huko na kuchunga kwa takriban miaka kumi. Frank Weston, kabla ya kuwa askofu wa Zanzibar mwaka 1908, alikuwa mwalimu pale pale Kiungani. Yule askofu ambaye mwaka 1916 aliongoza wapagazi wa Zanzibar katika Vita Kuu ya Kwanza kule bara, na ambaye mwaka 1923 aliwaambia Waanglikana wenzake kule London kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu katika tabenakulo, kile kisanduku cha sakramenti, ikiwa hawamhurumii Yesu katika mitaa ya mafukara, alijifunza kuwajua watu wa pwani hii kwa kukaa na wanafunzi wao.

Tena kuna jambo ambalo katika hotuba za sherehe hulisikii sana. Mwalimu mkubwa wa kwanza wa misheni hii alikuwa kwanza mwanafunzi wa Waislamu. Steere aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili, na aliyetoa kitabu cha sarufi na kitabu cha hadithi za Waswahili mwaka 1870, alikipata Kiswahili chake kwa wenyewe, na miongoni mwao alikuwamo Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mwanachuoni mzaliwa wa Barawa na kadhi wa hapa Unguja, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu. Sheikh huyo huyo alijadiliana na wamisionari mambo ya dini waziwazi, wala hakuna upande uliomficha mwenzake kile unachokiamini. Nataka mlifikirie hilo sana, maana mtakutana na watu wa aina mbili watakaowapa ushauri mbaya: mmoja atawaambia kuwa kuishi vizuri na Waislamu ni kuificha imani yenu, na mwengine atawaambia kuwa kuishika imani yenu ni kuwakwepa Waislamu. Kadhi yule na Steere, aliyekuja kuwa askofu, hawakumsikiliza yeyote kati ya hao.

Sasa nije kwenye darasa lenyewe. Najua wapo wazee wenzangu ambao mpaka leo wanahuzunika kwa skuli zilizochukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi. Elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, skuli za misheni zikataifishwa, na majengo yaliyojengwa kwa sadaka za watu yakabadilishwa majina. Huzuni hiyo naielewa. Lakini nilifundisha katika skuli za Serikali umri wangu wote wa kazi, nikaona watoto wa wachukuzi na wa wavuvi wakisoma bila kuulizwa ada wala dini, na siwezi kusema kwamba Mungu alikuwa upande wa majengo. Kilichotaifishwa kilikuwa na milango na madirisha. Kasisi hakukatazwa kumfundisha jirani yake kusoma, na pale tulipoacha kufundisha tuliacha wenyewe.

Mkipewa skuli ya chekechea ya parokia, msiione kama kazi ya akina mama mnayopita kuikagua mara moja kwa mwezi. Ingieni darasani. Kaeni kwenye mkeka, shikeni mkono wa mtoto anayeandika herufi ya kwanza huku kalamu ikitoboa karatasi, mjue ni nani ambaye haoni vizuri ubaoni na ni nani aliyekuja bila kunywa chai. Wengi wa watoto hao watakuwa wa Kiislamu, na hapo ndipo uaminifu wenu utakapopimwa. Mzazi aliyekuletea mtoto ajifunze kusoma amekukabidhi jambo moja, kwa hiyo mpe hilo moja kwa ukamilifu. Usimfundishe mtoto nyimbo ambazo ungeona haya akiziimba mbele ya babake, na usipange masomo ya ziada katika saa za chuo, kwani mtoto wa hapa asubuhi ana skuli na mchana ana chuo cha Qur'ani, naye maalimu wa chuo ni mwalimu mwenzako. Nenda kwake, piga hodi, mwambie ratiba yako kabla hajaisikia kwa watu. Nimewahi kuona ugomvi wa mtaa mzima ambao asili yake ilikuwa saa kumi za alasiri na watoto kumi na watano waliotakiwa mahali pawili.

Wala darasa si la watoto tu. Tangu mwaka 2016 Serikali ya Zanzibar huwalipa pensheni jamii wazee waliotimiza miaka sabini, na siku za malipo nimewaona wenzangu wamepanga foleni, baadhi yao wakitia dole gumba kwenye kidau cha wino. Namjua bibi mmoja wa shamba ambaye kasisi wa karibu yake alimfundisha kuandika jina lake jioni baada ya jioni kwenye ubao wa kukatia mboga, kwa sababu ndiyo meza iliyokuwapo. Siku alipofika dirishani akausukuma wino pembeni na kuomba kalamu. Aliandika polepole mno, foleni ikanung'unika, karani akainua macho kutazama saa, naye hakuharakisha herufi hata moja. Bibi yule ni Mwislamu, na Mwislamu ataendelea kuwa. Ukiniuliza kasisi alipata nini kwa jioni zile zote, nitakuambia kwamba swali lenyewe halifai kuulizwa na mtu aliyewekewa mikono.

Katika darasa la ubatizo nawaomba jambo jengine. Wengi wenu mmezoea kukaririsha: mwanafunzi akisema Kanuni ya Imani bila kukosea, amefaulu. Hapa Mkristo anaulizwa maswali kazini, sokoni na kwenye gari la abiria, tena huulizwa na watu waliosoma dini yao tangu wana miaka minne. Kijana aliyekariri tu, akiulizwa swali la pili hubaki ama kukasirika ama kuona haya, na yote mawili humharibu. Mfundisheni kujibu kwa utulivu, na mfundisheni pia kusema "sijui, nitauliza." Ninyi wenyewe someni; kasisi asiyefungua kitabu baada ya kutoka chuoni hudhihirika katika mahubiri yake ya mwaka wa pili.

Mtakuta kwamba waumini wenu ni wa makundi mawili. Wako wenyeji wa zamani, baadhi yao wana wa wana wa waliokombolewa utumwani, hasa pale Mbweni, ambako misheni ilinunua ardhi mwaka 1871 na ambako Bibi Caroline Thackeray aliwafundisha wasichana tangu 1877 mpaka karne ikageuka. Na wako wengi zaidi waliokuja kikazi: askari polisi, wanajeshi, wauguzi, walimu, vijana wa mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje. Hawa wa pili hukaa miaka miwili au mitatu, wakapata uhamisho, na benchi likabaki tupu mpaka wafike wengine. Katika Pemba hali hii ni kubwa zaidi, kwa sababu kuna Jumapili ambazo karibu kila aliyekuja ibadani amefika kisiwani kwa barua ya Serikali. Hatari yake ni kwamba kanisa hugeuka chama cha watu wa bara, mahali pa kukumbushana nyumbani na kuwasema wenyeji. Msiliruhusu hilo hata kwa utani wa baada ya ibada. Mfundisheni askari aliyetoka mbali namna ya kuvaa anapopita mtaani, namna ya kuamkia wazee, na kwa nini asitafune muhogo wa kuchoma barabarani mchana wa Ramadhani. Hayo nayo ni mafundisho ya dini, ingawa hayamo katika katekisimu yenu.

Na Mwezi Mtukufu ukifika, angalieni spika. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba Mungu hasikii mpaka kwaya ipigiwe vipaza sauti viwili nje ya dirisha. Zoezi la kwaya linaweza kusogezwa lisigongane na futari wala tarawehe, mkesha unaweza kufanyika milango ikiwa imefungwa, na chai ya baada ya ibada inaweza kunywewa ndani. Hakuna fundisho lolote la imani linalopungua hapo.

Juu ya misiba nitakaa kidogo zaidi, kwa sababu kijana wa siku hizi hungoja ujumbe wa simu. Jirani Mwislamu akifariki asubuhi, aghlabu atazikwa siku hiyo hiyo, na ukisema utakwenda kesho utakuta matanga. Msibani hakualikwi mtu. Vaa kanzu yako, nenda, wape pole wenye msiba, kaa kwenye jamvi pamoja na wanaume wengine na usiwe msemaji. Jeneza likitoka, fuatana nalo. Wanaposimama kusali wewe subiri pembeni kwa adabu, na makaburini simama nyuma. Siku ya tatu, wakiwa na hitima, pita tena. Kama wewe ndiye jirani wa karibu, uliza kama maji na kuni vimetosha kabla hujauliza kitu chengine. Na mkeo, ukiwa umeoa, ana nafasi yake ndani kwa wanawake, ambako mambo ya mtaa huamuliwa kuliko barazani.

Pemba kuna somo ambalo halifundishwi chuo chochote cha theolojia. Msimu wa karafuu ukiingia, kijiji kizima hubadilika: watu wako juu ya mikarafuu tangu alfajiri, na jioni familia hukaa kwenye mwanga wa taa kuchambua karafuu na makonyo yake, vidole vikigeuka rangi. Asubuhi karafuu huanikwa majamvini, na mvua ikitokea ghafla kila mwenye miguu hukimbia kuanua, kwa sababu karafuu iliyoroa ikiwa nusu kavu inapoteza rangi na bei. Alikuwapo kasisi mmoja karibu na Wete, sasa marehemu, ambaye mvua ilimkuta njiani akirudi kumkomunisha mgonjwa. Aliingia uani kwa watu asiowajua vizuri, akapandisha kanzu, akakunja jamvi upande wake huku mwenye nyumba akikunja upande wa pili, wakaingiza ndani bila kuamkiana, na salamu zikaja baadaye, wote wawili wakiwa wameroa chepechepe. Tangu siku hiyo jioni za msimu alikuwa akikaa nao kuchambua. Huko ndiko aliposikia ni nani mgonjwa, ni nani ana deni, mtoto gani ameacha skuli ili achume. Ofisi yake ilikuwa na kufuli iliyoshika kutu.

Juu ya siasa nitasema machache, maana mengi hayaandikiki. Kasisi wa hapa ajue yaliyopita Pemba Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi, ajue maridhiano ya vyama ya 2009 yalivyopatikana, na ajue kwamba katika nyumba anazoingia kuna makovu yasiyooneshwa kwa mgeni. Wakati wa uchaguzi usivae rangi ya chama, usipande jukwaa, na usigeuze mimbari kuwa jukwaa la pili. Kuna siku nyengine ngumu pia. Novemba 2012 Katibu wa Mufti alimwagiwa tindikali, na Februari 2013 padri wa Katoliki aliuawa kwa risasi alipokuwa akienda kuadhimisha misa. Hofu iliingia pande zote mbili, na maneno mabaya yakasemwa na watu ambao hawakuwa wakimjua jirani hata mmoja kwa jina. Ujirani hauwezi kuanzishwa siku kama hizo. Unatakiwa uwe umeshajengwa.

Mmoja wenu aliniambia kwamba kufundisha kunamshusha kasisi hadhi. Nilimtajia watu wawili wa nyumba yetu wenyewe. John Ramadhani, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Tanzania tangu 1984 hadi 1998, alikuwa mlezi wa chuo cha theolojia cha Mtakatifu Marko, Dar es Salaam, kabla ya kuwekwa askofu. Na Augustino Ramadhani, mzaliwa wa hapa, brigedia wa jeshi, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar na kisha wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, alikuwa akipiga kinanda kanisani na baada ya kustaafu akawekwa kasisi. Mtu aliyekwisha kukaa kiti cha juu cha sheria hakuona kuwa kupiga kinanda kumemshusha. Sisi tulioanza na chaki tunaogopa nini?

Fedha zenu zitakuwa kidogo, na hilo nalipita upesi: limeni bustani, msikope kwa waumini, na deni la duka la jirani lilipwe kabla ya deni lolote, kwa kuwa mwenye duka huzungumza na kila mtu.

Mwisho ni habari ya kuhama, kwani na nyinyi mtahamishwa kama askari. Msiondoke kwa gari la usiku. Daftari za ubatizo na ndoa ziandikwe mpaka siku ya mwisho, kwa hati inayosomeka, na daftari la wanafunzi liwe na maelezo ya kila mtoto alipofika. Kisha mchukueni mwenzenu anayekuja, mtembee naye kwa miguu: kwa sheha, kwa maalimu wa chuo, kwa mwenye duka, kwa wagonjwa, kwa yule bibi mwenye ubao wa mboga. Mtajeni jina lake kila mlango, kaeni mpaka chai iletwe, na mruhusuni azungumze yeye. Kazi hiyo itachukua siku mbili au tatu. Mwombeni askofu awape.

Wasalaamu,
Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Unguja